Zambarau kwa Mkono wa Kushoto

Neno la kwanza la Tausi nililizima mimi. Sikulizima kwa ubaya wala kwa uvivu, ingawa uvivu ninao. Nililizima kwa adabu njema niliyofundwa kwetu, mbele ya bibi yake, na bibi akanishukuru. Naanza na hilo makusudi, wadogo zangu mnaobaki pale kitengoni, kwa sababu siku ya kuniaga mlinisifu mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine kasimama nyuma yangu. Mkasema nimefanya kazi kwa hekima. Hekima ilikuwepo, sikatai, ila siku zote ilikuwa inanifuata nyuma kwa miguu, inafika mimi nimeshaharibu.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Basi nimekaa barazani kwangu Bangwe, hapa Kigoma, ziwa liko pale chini limetulia kama uji uliopoa, milima ya Kongo leo imeonekana na kesho huenda isionekane, na wa kuniondoa hapa itabidi aje na winchi ya bandarini. Nitaandika pole pole. Mahali mtakapoona mwandiko umeteremka, mjue nilisinzia.

Mimi ni mtu wa nyumbani, mnajua. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walipanda treni kwenda kutafuta maisha Tabora na Dar es Salaam. Mimi niliwasindikiza mpaka stesheni, nikapunga mkono mpaka behewa la mwisho likapotea, nikarudi kuosha vyombo. Marehemu mama alisema nitazeeka bila kuvuka mtaa wa Mwanga. Lakini Mungu naye ana utani wake: mtu asiyetaka kutoka kwake akampa kazi ya kushinda majumbani mwa watu.

Shuleni niliingia kama mhudumu. Nilifagia, nilichemsha chai ya walimu, nilipiga kengele, na kengele yangu haikuwahi kuwahi. Mwalimu Bukuru alipofungua darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe, alitafuta mtu wa kumsaidia. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mzaliwa wa huko juu kwa Waha wenzangu, na asubuhi akishakusalimia "Mwakeye" ulihisi ametumia nusu ya maneno yake ya siku nzima. Akanikuta nimekaa kwenye ngazi, sifanyi chochote, natazama kuku. Akasimama, naye akawatazama wale kuku. Kisha akasema, "Wewe unajua kukaa. Njoo." Usaili wangu wote ulikuwa huo. Wazazi wakaanza kuniita Mwalimu Skola, na kila waliponiita hivyo walimu wenye vyeti walikohoa.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mtoto asiyesema. Mimi nikaamua kwamba asiyesema hasikii, nikaanza kumsomesha kwa sauti ya mnadani. Mtoto akaziba masikio, akaingia chini ya dawati. Nikainama nikaongeza sauti. Mwalimu Bukuru alikuja akanigusa bega, akasema, "Anasikia, Skola. Kwa sasa anakusikia mpaka kwenye mifupa." Neno usonji wakati huo lilikuwa bado halijateremka mitaani kwetu. Watu walisema jini, walisema laana, walisema mtoto kadekezwa. Mwalimu hakubishana na mtu. Alikuwa na njia yake ya kadi, akanifundisha.

Ninyi mnaijua, lakini karatasi hupita mikono mingi, acha niieleze. Mtoto asiyetumia maneno unampa picha ya kitu. Akikitaka kile kitu, anachukua picha, anakuja kwako, anaiweka mkononi mwako, nawe unampa kitu pale pale bila hotuba. Kuja kwako ndiyo kiini cha mambo. Picha iliyobandikwa ukutani ni pambo tu. Ile iliyotoka mkono wa mtoto ikaingia mkono wa mtu, hiyo ni kauli. Mwanzoni mnakuwa wawili: mmoja mbele, mwenye kitu na mkono ulio wazi, na mwingine nyuma ya mtoto, wa kuuongoza mkono wake kimya kimya, kama kivuli. Kivuli hakisemi. Hilo la kutosema lilinipa taabu kuliko yote.

Vifaa tulitengeneza wenyewe. Maboksi ya sabuni tuliyakata kadi. Picha tulikata kwenye kalenda za zamani, na kalenda hazikuwa na huruma na Kigoma: zilitupa majiko ya gesi, matufaha, na kijana mmoja anakunywa maziwa kwa mrija huku anacheka peke yake. Hakuna mtoto wetu aliyewahi kuyataka hayo. Ikabidi nichore. Nilichora samaki, mgebuka, mama mmoja akaniuliza kama ni mtumbwi. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, nao mende wakaupenda. Jumatatu moja tulikuta kadi ya ugali imeliwa, ya dawa imeachwa. Mwalimu akaishika ile iliyotafunwa, akasema, "Angalau kuna aliyeielewa." Baadaye ndiyo tukapata laminesheni pale steshenari, na ule utepe wa kubandika na kubandua kama wa viatu vya watoto, tukajiona tumefika Ulaya.

Habari za Tausi zilitufikia mwaka ziwa lilipopanda na kumeza njia za ufukweni. Kwao ni Ujiji, mtaa wa chini, na maji yalikuwa yamesogea mpaka ukikaa uani unayasikia. Mama yake alikuwa na biashara ya dagaa Kibirizi, akiondoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi jua limepinda. Baba yake alivuka kwenda ng'ambo kuuza vitenge, na ng'ambo ikampenda, ikabaki naye. Mchana kutwa Tausi alikuwa na bibi yake, Bibi Zaituni, msusi wa mikeka, mwenye magoti mabovu na macho makali.

Alikuwa na umri wa kuanza shule, mwembamba, hana neno hata moja. Alikuwa na mvumo tu, kooni, wa chini, kama friji iliyo chumba cha pili. Alikaa ukumbini akitazama vijitundu vya bati la paa vikimwaga mwanga sakafuni, na ule mwanga ulipotembea naye alisogea nao, taratibu, tangu upande wa mlango asubuhi hadi upande wa kitanda jioni. Alipotaka kitu alipiga kelele, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni kitu gani, alijiuma kifundo cha mkono. Na mlango ukiachwa wazi alikwenda moja kwa moja majini. Si kuogelea. Alikwenda tu, kama anayeitwa.

Aliyekuwa akimrudisha ni jirani, Mama Shukuru, muuza vitumbua, ambaye karai lake la mafuta lilikaa nyuma ya ukuta mfupi wa uani. Mama Shukuru hakuwahi kufunga mdomo wake kwa komeo. Kila alipomrudisha mtoto, kalowa mpaka kiunoni, alitoa na hukumu yake hapo hapo: nyumba hii mna masikio lakini hamna macho.

Nilipofika mara ya kwanza, Bibi Zaituni alinikaribisha jamvini, akaniuliza za Bangwe, za kazi, za watoto, vyote kwa utaratibu. Kisha akaniambia wazi. Baada ya Idi mtoto atakwenda Kasulu kwa mjomba wake. Kule kuna nafasi, na kuna chumba cha nyuma. Yeye magoti yake hayakimbii tena, na hatakubali siku moja aitwe ufukweni kuja kutambua nguo. Hakusema kwa ukatili. Alisema huku anasuka, na mikono yake haikupoteza hata msuko mmoja.

Mama Tausi alinisindikiza mpaka mlangoni, akashusha sauti. "Mwalimu, kule watamfungia. Hawatampiga, na watamlisha. Lakini watamfungia."

Nikarudi ndani kumwomba bibi atupe muda. Akafikiri. Akasema, "Aniambie kitu kimoja tu. Hata kimoja. Nijue kuna mtu humo ndani ananijua." Hapo mtaelewa nilichokuwa nimebebeshwa.

Tukaanza na maji. Nilichora kikombe, nikakifanyia laminesheni, bibi akakitazama akauliza kama ni kinu. Tukakubaliana kwamba ni kikombe. Alasiri baada ya alasiri bibi alikaa mbele na kikombe chenyewe, mimi nyuma ya Tausi kama kivuli, kivuli kinene kidogo. Nikimwongoza mkono, anatoa. Nikimwachia, anaitazama kadi kama anavyotazama mwanga wa bati, anaisahau. Tukaendelea. Mfungo ukaingia, bibi na swaumu yake anamshikia mjukuu kikombe cha maji mbele ya uso bila kulalamika, na mimi nikaanza kumpenda yule bibi.

Kisha ikaja alasiri yenyewe. Joto lilikuwa limelala juu ya paa kama ng'ombe. Sikuwa nimemgusa. Tausi akanyoosha mkono mwenyewe, akaichukua kadi, akasogea mpaka magotini kwa bibi yake, akampa.

Kwa kushoto.

Bibi akaurudisha mkono wake nyuma, kama mtu yeyote wa Ujiji angefanya. Sihitaji kuwaeleza mkono wa kushoto ni wa shughuli gani, wala kwamba hapa kwetu hata mlevi akikurudishia chenji kwa kushoto anaomba samahani. Na mimi, kivuli, mtu wa kitengo, mwanafunzi wa Mwalimu Bukuru, nikaudaka mkono wa mtoto, nikaitoa kadi kushoto nikaiweka kulia, nikasema kabisa kwa mdomo, "Hapana mama, mkono wa kulia."

"Ahsante, Mwalimu," bibi akasema. "Mfunze adabu."

Tausi akautazama mkono mmoja, akautazama wa pili. Kadi ikaanguka. Alilia mpaka adhana ya magharibi, na toka siku hiyo nikifungua mkoba wangu alitoka chumbani.

Nilimweleza Mwalimu Bukuru kesho yake, nikijitetea njia nzima. Mwisho akasema, "Mtu kafungua kinywa mara ya kwanza tangu azaliwe, na wewe ukamsahihisha lafudhi."

Nikaenda kwa bibi kumwomba apokee kwa kushoto. Wadogo zangu, msijaribu kumgeuza mzazi kwa hoja ambayo juzi mliipinga wenyewe mbele yake. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, akasema, "Juzi umenifunza ni vibaya. Leo unanifunza ni vizuri. Kesho utanifunza nini, nijiandae?" Nikamwambia mtoto hawezi kuomba samahani kwa mdomo, basi nitamwombea mimi kila mara. "Samahani haina wakili," akasema. Akarudi kwenye ukili wake, ule utepe mrefu anaousuka kwa chane za ukindu halafu anaushona kuwa mkeka. Nyuma ya ukuta Mama Shukuru akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye mteja wa kwanza wa asubuhi akimpa pesa kwa kushoto, vitumbua vyote siku hiyo vinakunywa mafuta.

Mfungo ukawa unakwisha. Mjomba akapiga simu kuuliza mtoto ana mizigo mingi kiasi gani.

Mwalimu hakunipa mbinu mpya. Aliniambia niache kadi shuleni. "Nenda ukakae. Maji tunataka sisi ayaombe. Yeye anataka nini, unajua?" Sikujua. Nilikuwa nimemfundisha kwa muda wote ule, na sikujua.

Basi nikaenda kukaa. Nawaambieni ukweli, hakuna kipindi cha kazi nilichokifurahia kama kile, na nina haya kusema kwamba kilihesabika kuwa kazi. Nililala ubavu kwenye jamvi la Bibi Zaituni, mikono mitupu. Bibi alisuka. Chane zake alikuwa amezichemsha na rangi, nyekundu, kijani, zambarau, akaziloweka ndani ya beseni ili zilainike, na chumba kilinuka majani mabichi na, kutoka nyuma ya ukuta, mafuta moto. Mwanga wa bati ulitembea. Tausi alitembea nao, na mvumo wake. Nilianza kuusikia huo mvumo vizuri. Kumbe haukuwa mmoja: ulipanda mwanga ulipogusa mkeka, ukashuka ulipogusa saruji. Maji ya ziwa yalisogea, yakarudi. Nje mtu alipita anaita wateja wa mkaa, sauti yake ikaenda, ikaenda, ikawa uzi, ikakatika. Sikuweza tena kusema kama nilikuwa nafanya kazi au nimeshakufa salama.

Nikalala. Nimestaafu sasa, andikeni popote mnapotaka.

Niliota ziwa limeingia ndani ya nyumba, la uvuguvugu, halina sauti, na rangi yake zambarau. Lilinifika kidevuni, likanifika midomoni. Halikunitisha. Nilipofumbua macho, Tausi alikuwa amenichuchumalia, uso wake karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa, na midomoni mwangu kulikuwa na uchane mmoja wa ukindu, umelowa, wa zambarau. Ameulaza pale kwa makini, sawasawa, kama mtu anayetandika kitanda. Sikusogea. Akauchukua, akaupitisha midomoni mwake mwenyewe, tangu ncha hadi ncha, akafumba macho, na ule mvumo ukapanda mahali ambapo sijawahi kuusikia.

Nikamwuliza bibi kwa kunong'ona kama huwa anafanya hivyo. Akasema huwa anaziiba, za zambarau tu, nyekundu hazigusi, na yeye humnyang'anya kwa sababu rangi hiyo ndiyo inayomtoka kwa shida. Kitu anachokipenda mtoto kilikuwa kimekaa mapajani mwa bibi yake muda wote huo. Tulikuwa tunamwambia aombe maji.

Nilikwenda zangu kituoni, naona kila mtu ananiangalia, nikafikiri furaha yangu inaonekana usoni. Dereva wa bajaji akaniambia, "Mama, leo umejipaka sana." Rangi ilikuwa haijakauka. Nilifika Bangwe na midomo ya zambarau, na mume wangu, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akaomba maji kwa maneno kamili.

Kadi mpya haikuwa na mchoro. Nilikata kipande cha boksi, nikabandika uchane wenyewe, wa zambarau, basi. Nikamwomba bibi aziweke za rangi hiyo zote mapajani, na asimpe mpaka apewe kadi. Juu ya mikono sikusema kitu, sina hoja iliyobaki. Nikakaa nyuma ya Tausi. Na ili nisirudie ujinga, niliikalia mikono yangu mwenyewe, wa kulia na wa kushoto, nikaikandamiza kwenye jamvi mpaka ikafa ganzi.

Tausi alikaa akizitazama chane. Akaitazama kadi iliyokuwa sakafuni. Akaupitisha mkono juu ya ule uchane uliobandikwa, akaupitisha tena. Bibi alikuwa amefika mahali pabaya pa ukili, pa kuunganisha. Ukiachia hapo msuko wote unafumuka. Alikuwa ameubana kwa vidole vya kulia. Tausi akasimama na kadi, akaenda, akampa.

Kwa kushoto, bila shaka.

Bibi hakupokea. Aliutazama ule mkono. Mkono wa Tausi ukakaa hewani, kisha ukaanza kushuka. Ulishuka kidogo tu, kama jua linavyoshuka ukiwa unalitazama, huoni likienda lakini halipo pale lilipokuwa. Bibi aliuona. Sijui kama alifikiri. Mkono wa kulia umeshika kazi, akanyoosha wa kushoto, akaichukua kadi, akachomoa uchane mmoja wa zambarau mapajani, akampa.

Tausi akaupitisha midomoni. Mvumo ukapanda. Mimi mikono nimeikalia, machozi yananitiririka na sina cha kujifutia.

Bibi Zaituni akauunganisha ukili wake. Kisha akasema, si kwangu, si kwa mtoto, labda kwa walioweka mila hiyo kabla yake: "Kushoto kwa kushoto. Hapo hakuna aliyemtukana mwenzake."

Tausi akarudi na kadi. Akarudi tena. Akarudi mpaka mapaja ya bibi yakabaki na nyekundu na kijani, na mkeka ule ukamalizwa bila zambarau, na mwanamke aliyeuagiza akauchukua hivyo hivyo kwa manung'uniko.

Idi ikapita, mjomba akaja toka Kasulu na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Alimkuta Tausi ameegemea ubavu wa bibi yake, wote wawili kimya, beseni katikati. Bibi alimlisha, akamwuliza habari za mvua na za maharage. Mjomba alipoinuka kuuliza kama mtoto yuko tayari, bibi akamwambia, "Rudi salama, mwanangu. Mimi na huyu bado tunazungumza." Mjomba akatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa ametamka neno. Aliondoka na dagaa wa zawadi ndani ya lile begi, na nadhani mpaka leo anasimulia kwamba Ujiji mama yake kazeeka vibaya.

Kadi ya maji ilikuja baadaye, yenyewe, kama mgeni asiyealikwa. Halafu kitumbua, halafu choo, halafu kwenda ufukweni, na alipoweza kuomba kupelekwa ziwani aliacha kutoroka kwenda huko. Bibi akamsukia mkanda wa ukili wa kubebea kadi shingoni. Kisha nikachora kanga ya mama yake, ile ya Kibirizi yenye magamba ya samaki, ikawa kadi ya mama. Siku moja Mama Tausi amerudi na ndoo yake, bibi akamwambia kwa ukali kidogo, "Kila adhuhuri ananipa wewe. Nami sina cha kumpa." Mama Tausi akaitua ndoo, akakaa juu yake, hakuinuka kwa muda. Kadi ya "subiri" ilizaliwa kwa ajili hiyo, na ndiyo ngumu kuliko zote. Hata sisi wenye maneno haijatuingia.

Basi mambo yangu ya kazi ni hayo. Kitengoni nimewaachia desturi ile, na mkija kuulizwa na wakaguzi imetoka kitabu gani, waambieni imetoka jamvini: mtoto akija na kushoto, pokea kwa kushoto, mkisha kuelewana ndipo mfundishane adabu. Vishikwambi mlivyoletewa ni vizuri, picha zinasema zenyewe kwa sauti ya dada asiyechoka. Lakini umeme ukikatika boksi la sabuni halizimi, kwa hiyo msiyatupe maboksi yangu. Yako juu ya kabati, na mende wanajua.

Juzi nilijitoa Bangwe, kwa taabu, nikaenda Ujiji kuaga. Mwalimu Bukuru naye alishastaafu zamani, yuko kwenye michikichi yake na sidhani kama anaongea hata na mbuzi, nikamfikiria njiani. Bibi Zaituni haoni vizuri siku hizi. Chane anachaguliwa na Tausi, ambaye amenipita urefu, na ndiyo maana mikeka ya nyumba ile sasa ina zambarau kila upande. Nilikaa jamvini pale pangu pa zamani. Mwanga wa bati ulikuwa unatembea kama kawaida. Nikaanza kusinzia, Tausi akaja akanipa kadi, nami nikaipokea kwa kushoto bila kufikiri: picha ya nyumba niliyoichora mwenyewe, iliyopinda. Bibi akacheka, akanieleza maana yake. Nilikuwa nimekalia mahali mwanga ulipokuwa unaelekea, na naombwa niende kwetu.

Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniambia jambo nililolitaka zaidi. Nikainuka. Uani Tausi alinipita, akaenda ukutani kwa Mama Shukuru na kadi ya kitumbua. Akapewa, akakigeuza, kimeungua upande mmoja. Akakirudisha, akatoa kadi tena. Mama Shukuru akapokea kwa kushoto, akachagua kingine huku anasonya, akampa, ndipo akaniona nimesimama.

"Mwalimu, kazi yenu hii sijui niwashukuru au niwashtaki," akasema. "Zamani huyu mtoto alikuwa analia tu, tukamzoea. Sasa anachagua."